Mkwe Mubashara

Kitasa kilimaliza kuzunguka, msomaji, na mlango ukafunguka huku Wilbert akiwa bado chini ya meza, waya mmoja mkononi na mwingine kati ya meno.

Kwanza liliingia kapu. Nyuma ya kapu akaja Mama Sidonia, jasho likimtiririka. Na nyuma ya Mama Sidonia, kofia kichwani na fimbo mkononi, akaja mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemwalika: Baba Mkubwa Matonya, dalali wa mahindi kutoka Kibaigwa.

Dorkasi alikivuta kitambaa cha meza kikagusa sakafu. Ndilo jambo la mwisho la akili alilolifanya siku ile.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, mambo yako hivi. Wilbert, fundi kompyuta wa mjini Dodoma, amemposa Dorkasi wa Mkonze, na posa imepokelewa. Katika ukoo wa akina Dorkasi, posa ikishapokelewa, kijana na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Ni hivyo mpaka ndoa ipite na kijana alete mbuzi wa kufungua macho.

Wakionana kabla ya mbuzi, posa inarudishwa. Na posa ya Wilbert ikirudishwa, yuko Tadeo, mwenye malori na kitambi, rafiki wa Baba Mkubwa. Amekaa Kibaigwa anangoja zamu yake.

Sasa ona mambo ya dunia. Huyo mama mkwe asiyetakiwa kuonekana ndiye mwanamke anayeonekana kuliko wote Mkonze. Kila Jumamosi anapika mlenda mubashara mtandaoni, na watu wanaacha kazi zao kumtazama.

Mitambo ni ya Dorkasi. Kompyuta aliinunua iliyotumika, kutoka ofisi iliyokuwa inaleta mpya. Kaiweka kwenye stuli karibu na mlango. Juu yake kafunga kamera kwa mpira wa baiskeli, ikitazama ndani, kwenye meza kubwa anapopikia mama. Kipaza sauti kakivika soksi, kwa sababu upepo wa Dodoma ukiingia dirishani, watazamaji husikia kama lori linapanda mlima.

Asubuhi ile picha ilikuwa inakwama. Panya walikuwa wametafuna waya unaopita chini ya meza. Mama alikuwa sokoni. Dorkasi akampigia Wilbert, Wilbert akaja mbio, akaingia chini ya meza.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna kati yao aliyelikumbuka. Ili kujaribu waya, Wilbert alikuwa amesharusha matangazo.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," alisema Dorkasi.

"Marahaba. Mbona umesimama kama nguzo ya umeme?"

"Nilikuwa nafagia."

"Bila ufagio?"

"Mwache mwanangu, shemeji," alisema Mama Sidonia. "Siku za laivu huwa anachanganyikiwa. Ehee! Taa nyekundu imeshawaka! Dorkasi, tuko hewani na hukuniambia? Watu wananiona nahema kama ng'ombe!"

Dorkasi alitazama kamera. Kweli, ilikuwa nyekundu. Alitazama kioo cha kompyuta. Watu walikuwa wameshajaa kama wameitwa na kengele.

Mama alitupa kapu, akajifunga kilemba, akaenda nyuma ya meza, akawasha jiko la gesi. Uso ukabadilika. Yule mama aliyechoka na soko akaondoka, akaja yule wa Jumamosi.

"Mbukwenyi!" aliwasalimia watazamaji kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama!" Majibu yalimiminika kwenye kioo.

Kazi ya Dorkasi ilikuwa kuyasoma maoni kwa sauti, kwa kuwa kutoka mezani mama hakuziona herufi ndogo. Alisoma la kwanza. Alisoma la pili. La tatu lilikuwa limeandikwa hivi: *Mama, kuna kiatu cha mwanamume kinatokeza chini ya meza.*

"Huyu anauliza," alisema Dorkasi, "mlenda wa leo ni mkavu au mbichi."

"Mkavu, mwanangu, mkavu!" alijibu mama kwa furaha, akainua bakuli la unga wa mlenda uonekane kwenye kamera.

Maoni ya nne, ya tano na ya sita yote yaliuliza habari za kiatu. Dorkasi aliyasoma yote. Moja lilikuwa linaulizia chumvi, jingine karanga, na jingine lilikuwa linampongeza mama kwa kilemba.

Baba Mkubwa alivuta kiti, akakaa karibu na mlango, nyuma ya kompyuta, mahali ambapo kamera haimfikii.

"Mimi sielewi," alisema. "Mtu ukitaka kupika, pika. Ya nini kuwapikia watu usiowalisha?"

"Ndiyo maendeleo, shemeji."

"Maendeleo ya njaa."

Mama aliunyunyiza unga kwenye maji ya moto, akaanza kupekecha. Unga mwingine ukapeperuka, ukashuka chini taratibu, ukapenya kitambaa.

Chini ya meza mtu akapiga chafya.

"Dorkasi," alisema mama, "hapa chini kuna nini?"

"Paka, mama."

"Paka wa nani?"

"Wa jirani."

"Toka!" Mama alirusha teke bila kuacha kupekecha. "Toka, mwizi wewe!"

"Aah!" alisema paka.

Baba Mkubwa aliinua kichwa. "Paka huyo ana sauti ya kubeba magunia."

Kabla Dorkasi hajapata uongo mwingine, simu ya Baba Mkubwa ililia. Alikuwa mkewe, Mama Kefa, kutoka Kibaigwa, na Mama Kefa akiongea kwenye simu hahitaji simu.

"Baba Kefa! Umeshafika kwa shemeji? Mwambie chini ya meza yake kuna mguu wa mwanamume! Soko zima tunautazama! Wapimaji wameacha mizani!"

Chumba kizima kilisikia. Hata watazamaji walisikia.

Baba Mkubwa alisimama polepole, kama mtu anayeifurahia kazi yake.

"Nani yuko chini ya meza?"

Kitambaa kikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Wilbert."

Mama Sidonia alipiga ukelele, akajifunika uso kwa upande wa khanga. Kwa mkono mmoja alijifunika, kwa mkono wa pili aliendelea kupekecha, kwa sababu mlenda haujui habari za ukwe. Ukiuacha, unafurika.

"Usitoke!" alilia.

"Sitoki, ma..." Wilbert alijikatiza, akakumbuka kwamba haruhusiwi hata kumsemesha.

"Mama, nenda nje kidogo, apite," alisema Dorkasi.

"Hakuna kwenda nje!" Baba Mkubwa aliziba mlango kwa fimbo. "Posa hii niliipokea mimi kwa mkono wangu, baada ya mdogo wangu Elisha kutangulia mbele ya haki. Kama imeharibika, nitaihukumu mimi, papa hapa. Kijana, umemwona mkweo?"

"Sijamwona, mzee. Nimeona kandambili tu."

"Rangi gani?"

Wilbert alifikiri. Aliona mtego, lakini alikuwa ameshaukanyaga. "Bluu."

"Aha! Basi umemwona!"

"Miguu, Baba Mkubwa!" alisema Dorkasi. "Miguu si uso!"

"Miguu ya mkwe ni mkwe."

Hapo Mama Sidonia akafanya jambo ambalo hakuna mama mkwe wa ukoo ule aliyewahi kulifanya. Kwa desturi, mkwe akitaka kumwambia mkwe mwenzake neno, anamtuma mtu wa tatu. Mama aliitazama kamera kupitia upenyo wa khanga. Pale walikuwa watu wa tatu wa kutosha.

"Jamani watazamaji," alisema, "mwambieni huyo aliye chini ya meza, lile teke nilidhani nampiga paka. Anisamehe sana."

Maoni yakafurika. *Wilbert, mama anaomba radhi. Wilbert, umesikia? Mkwe anasema pole.*

Dorkasi aliyasoma. Kutoka chini ikaja sauti ya heshima kabisa. "Dorkasi, waombe watazamaji wamwambie mama kwamba teke halikuuma. Na mlenda unanukia vizuri."

Watazamaji wakafikisha. Mama akatabasamu ndani ya khanga.

Walikuwa wametengwa na ubao mwembamba tu wa meza, lakini maneno yao yalikwenda kwanza Kondoa, yakapita Mpwapwa, yakamgusa dada mmoja aliyesema yuko Uswidi na huko kuna theluji, ndipo yakarudi Mkonze yakiwa yameshasafishwa. Hakukuwa na dhambi yoyote ndani yake. Hata Baba Mkubwa alikosa pa kushika.

"Basi," alisema kwa shingo upande, "kama ni miguu tu..."

Dorkasi alianza kupumua.

Na angeendelea kupumua, kama mtazamaji mmoja asiye na hatia asingeandika swali, na kama yeye kwa furaha yake asingelisoma bila kulikagua: "*Leo Fundi wa Picha yuko wapi? Mbona hajatusalimia?*"

"Kweli!" alisema mama. "Fundi wangu yuko wapi leo? Shemeji, kuna kijana mmoja mzuri sana, ananisaidia kutokea hukohuko kwake. Kila Jumamosi ananiandikia: mama sogea kulia, mama inua kidevu, mama geukia dirishani uso upate mwanga."

"Uso?" alisema Baba Mkubwa.

"Uso, ndiyo."

"Kijana gani huyo anayetaka uso wako upate mwanga?"

Dorkasi alisoma sakafu. Chini ya meza mtu alikohoa, kikohozi cha mtu anayetamani kuwa paka tena.

Mama aliacha kupekecha kwa sekunde nzima. "Dorkasi. Usiniambie."

"Ndiye aliyenifundisha mitambo, mama. Mimi narusha kutoka hapa, yeye anaitazama picha kutoka kwake. Ikiharibika, ananiambia."

"Hata baada ya posa?" alinguruma Baba Mkubwa.

"Jumamosi mbili tu."

"Jumamosi mbili kijana anamkodolea macho mkwe wake! Tena anamwambia ainue kidevu! Wewe wa chini ya meza, ulikuwa unamtazama ukiwa umekaa au umesimama?"

"Nimekaa, mzee."

"Unakula?"

Hapa, msomaji, mwanamume mwingine angedanganya. Lakini Wilbert alikuwa amelelewa vizuri, na malezi mazuri yamewaponza wengi.

"Mara moja," alisema. "Chapati."

"Chapati!" Baba Mkubwa alishika kichwa. "Mbele ya mkwe! Imekwisha. Posa inarudi. Nampigia Tadeo sasa hivi."

"Baba Mkubwa!" Sauti ya Dorkasi ilipasuka. Alikuwa msichana wa kusema polepole, na watazamaji waliomsikia walidhani ni mtu mwingine. "Mimi Tadeo simtaki. Hata akija na malori yake yote yamejipanga kutoka Kibaigwa mpaka hapa, simtaki. Huyo ndiye niliyemchagua. Picha si mtu! Mama yuko hapa, picha iko kule. Kuna ubaya gani?"

"Kuna ubaya gani?" Baba Mkubwa alicheka kwa uchungu. "Niulize mimi. Mimi, mwaka wa arobaini huu, sijatazamana na mama mkwe wangu, Bibi Angelina wa Gulwe! Nikishuka stesheni ya Gulwe najifunika koti kichwani mpaka watoto wananiita gunia. Hata mbuzi wa kufungua macho sijampeleka. Nilisema, kwa heshima niliyonayo, acha macho yabaki yamefungwa!"

Ni kweli. Heshima hiyo ilijulikana Kibaigwa yote. Wazee waliwaambia vijana wao, kaeni na wakwe kama Matonya. Padri mmoja aliwahi kuitaja kanisani.

Na heshima ikishapanda kichwani, inataka kuonekana. Baba Mkubwa aliondoka mlangoni, akapita mbele ya kamera, akasimama katikati ya chumba mgongo wake ukiwa mezani. Aliinua fimbo kama mtu anayehutubia uwanja.

"Na nyinyi mliomo humo ndani ya kompyuta, nisikilizeni! Mkwe haangaliwi! Mkifanya mchezo na ukwe, mtakuwa na ndoa za karatasi. Nitazameni mimi! Nitazameni vizuri!"

Akacheka, kicheko kikubwa cha ushindi, meno yote nje.

Walimtazama vizuri.

Kwenye kioo maoni yalisimama kidogo, kama watu waliokanyagana mguu. Kisha likaja moja. Dorkasi alilitazama. Akalisoma mara ya pili kimoyomoyo. Hili hakulibadilisha hata neno.

"Baba Mkubwa," alisema, "kuna maoni yako. *Shemeji Matonya, ni mimi Abeli wa Gulwe. Leo nimemwonyesha mama jinsi simu inavyotoa watu. Yuko hapa pembeni yangu. Anakutazama.*"

Fimbo ilibaki hewani.

"Mama gani?" alinong'ona Baba Mkubwa.

"Mama yake Abeli. Bibi Angelina."

Mzee wa watu aliutazama mlango. Kamera ilikuwa papo hapo mlangoni, na kila hatua ya kuukimbilia mlango ingeupeleka uso wake karibu zaidi na Gulwe. Alitazama dirisha. Lilikuwa na nondo. Alitazama kitambaa cha meza.

Kofia ndiyo iliyobaki sakafuni.

"Sogea!" ilisikika chini ya meza.

"Nisogee wapi, mzee? Hapa ni mwisho wa meza."

"Sogea, nimekwambia! Mkwe ananiona!"

"Mzee, umekalia waya wa intaneti."

"Ukatike!"

"Haukatiki, mzee. Nimeufunga vizuri."

Meza ilitikisika. Mama Sidonia aliishika sufuria kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alijifunika mdomo, maana kumcheka shemeji ni vibaya, hasa mubashara.

Ndipo Wilbert, akiwa amebanwa kati ya mguu wa meza na mtu aliyemnyima mke, akauliza swali kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mzee, naomba unielimishe. Mtu akionekana kwenye kompyuta, huko ni kuonana au si kuonana?"

Mlenda ulichemka. Dada wa Uswidi aliandika kwamba picha yake imekwama. Haikuwa imekwama.

"Kijana," alisema Baba Mkubwa hatimaye, "una akili kuliko nilivyodhani." Kisha akapaza sauti. "Sikilizeni! Nimelifikiri upya jambo hili. Picha si uso. Aliyeonwa kwenye kompyuta hajaonwa. Chapati iliyoliwa mbele ya kompyuta imeliwa peke yake. Posa isimame!"

Mama alipiga vigelegele. Dorkasi alikaa chini sakafuni. Kwenye kioo mioyo myekundu ilipanda kama cheche.

Hukumu ilikuwa nzuri, na ingekuwa vyema tukaishia hapo na kuanza kuchagua vitenge. Lakini Gulwe hawakuwa wamemaliza.

"*Mama anasema hapana,*" alisoma Dorkasi, na tabasamu lake likakauka.

"Hapana nini?" aliuliza mama.

"*Anasema picha ni uso. Anasema amekuona vizuri, shemeji, kuliko anavyoniona mimi hapa. Anasema amekuona mpaka meno.*"

Kitambaa kikavutwa chini zaidi.

"*Anauliza, mwanya uko wapi?*"

"Mwanya gani?" Mama Sidonia alisogeza khanga.

Dorkasi aliendelea kusoma, kila sentensi ikichelewa kuja, kwa kuwa Bibi Angelina alikuwa anasema na Abeli alikuwa anatafuta herufi. "*Anasema kijana aliyekuja kumposa dada yangu alikuwa na mwanya wa meno ya juu. Alikaa barazani kwetu siku nzima, hakusema neno, alitabasamu tu. Mama akampendea ule mwanya. Anasema uzee unang'oa meno. Uzee haufungi mwanya.*"

"Bibi kazeeka!" Sauti ilitoka chini, nyembamba, haikuwa na fimbo ndani yake. "Macho yake hayaoni!"

"*Mama anasema macho yake yanaona. Anasema aliyekuja kuposa ni yule pale. Kwenye picha ukutani, nyuma ya huyo mama mwenye mwiko.*"

Mama Sidonia aligeuka. Dorkasi aliinua macho.

Ukutani palikuwa na picha moja tu. Ilikuwa ya marehemu Elisha, mume wa Sidonia, baba yake Dorkasi, mdogo wake Matonya. Alikuwa amevaa suti ya kuazima, anatabasamu. Kati ya meno yake ya mbele kulikuwa na mwanya ambao ungeweza kupitisha mrija wa soda.

Watazamaji walikuwa wakiiona picha hiyo kila Jumamosi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiuliza swali.

"Shemeji," alisema Mama Sidonia taratibu, "nieleze."

"Ilikuwa mara moja tu," kilisema kitambaa. "Mimi wakati ule nilikuwa na uso... ulikuwa na chunusi. Chunusi nyingi. Elisha alikuwa anapendeza. Nikamwambia, mdogo wangu, nenda ukanikalie siku moja tu. Usiseme neno. Cheka tu."

Kioo kililipuka. Na katikati ya mlipuko likapita jina ambalo Dorkasi alilijua, akalisoma kwa sababu alikuwa ameshasahau kuficha.

"Ni Mama Kefa. *Mimi nilijua siku ya harusi aliponifunua mtandio. Ng'ombe walikuwa wameshaingia zizini kwa baba. Nikanyamaza.*"

"*Mama anasema,*" aliandika Abeli, "*tulionyeshwa sampuli, tukashushiwa gunia lingine.*"

Hapo, msomaji, ndipo soko zima la Kibaigwa lilipoelewa ile heshima ya miaka arobaini. Lile koti la kujifunika kichwani pale stesheni. Yule mbuzi wa kufungua macho aliyekuwa kila mwaka anasubiri kwa heshima. Si kwamba Matonya alimheshimu mkwe kupita kiasi. Alikuwa anajificha kama mtu aliyeuza debe lenye mchanga.

Lakini Dorkasi hakuwa anacheka. Alikuwa anasoma maoni ya mwisho kutoka Gulwe, na herufi zilikuwa zinacheza machoni.

"*Mama anasema, mtu aliyeposa kwa uso wa mwenzake hana mkono wa kupokea posa ya binti wa watu. Posa hiyo ya leo haina aliyeipokea. Mama yake binti aipokee upya yeye mwenyewe, leo hii, kama tu hajaonana na kijana. Kama wameonana, basi.*"

Basi. Neno dogo.

"Hamjaonana!" alisema Dorkasi haraka. "Mama, hamjaonana! Sema tu umeipokea. Sema mbele ya kamera, watu wote wasikie, kisha funga macho, mimi nimtoe. Mama?"

Mama Sidonia hakuwa anamsikia. Alikuwa anaitazama picha ukutani.

"Elisha," alisema. "Elisha aliyeniambia tangu azaliwe hajawahi kukaa baraza la wakwe, mpaka lilipokuwa la baba yangu. Ndiyo maana anatetemeka, aliniambia. Nikamwonea huruma. Kumbe alikuwa mzoefu!"

"Mama, kwanza posa."

"Shemeji, toka."

"Siwezi," kilisema kitambaa. "Mkwe bado ananitazama."

"Toka nikuulize uso kwa uso. Nani mwingine Elisha alikwenda kumkalia? Mlikwenda vijiji vingapi?"

"Viwili tu," alisema Baba Mkubwa, na mara moja akajuta.

Mwiko ukaanguka. Mlenda, ulioachwa peke yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ukapanda, ukafurika, ukazima jiko kwa mlio wa nyoka, ukaanza kuteremka pembeni mwa meza, kijani na mzito.

"Mama, usiiname! Wilbert yuko humo!"

Mama alikuwa ameshaizunguka meza. Alikuwa ameshapiga magoti. Mkono wake ukashika pindo la kitambaa, na ulikuwa mkono uliopekecha mlenda miaka mingi, haukuwa mkono wa kubishana nao.

Dorkasi aliruka upande wa pili. Akashika pindo lake, akaegemea nyuma kwa uzito wote aliokuwa nao, visigino vikiteleza sakafuni.

"Wilbert! Fumba macho!"

"Nimefumba!"

"Funika uso!"

"Mzee kanishika mikono yote miwili!"

Mama akavuta. Dorkasi akavuta. Kitambaa kilikuwa cha zamani, cha harusi ya Sidonia na Elisha, na hakikuwa kimefumwa kwa kazi kama ile. Kikalia mlio mrefu. Kikapasuka katikati, polepole, kutoka juu kwenda chini, mbele ya kamera na watu wote waliokuwemo.

Katika mpasuko ule ukatokea kwanza utosi. Kisha paji la uso, limejaa vumbi na mlenda, la mwanamume mmoja kati ya wawili.

Mama Sidonia, khanga ikiwa imemdondoka mabegani, akasogeza uso wake karibu ili amtazame.